Pua ya Mama Mkunjo

Mpiga pasi hategemei macho. Macho huchelewa. Ukishaona moshi kwenye shati la mtu, shati hilo limekuwa tambara, na wewe umebaki kutafuta maneno ya kumwambia mwenyewe. Kinachomwokoa mpiga pasi ni pua. Nguo hutoa harufu kabla ya kuungua, kila kitambaa na yake: pamba hunuka kama mkate uliosahauliwa jikoni, sufu hunuka nywele, na hizi nailoni ndizo mbaya kuliko zote, maana zikianza kunuka tayari zimeganda kwenye chuma.

Ndiyo maana katika duka lile la dobi, lililobanwa kati ya kinyozi na muuza rangi za nyumba, palikuwa na sheria moja tu. Anayesikia harufu ya kuungua apaze sauti, "Inua!" na wote wainue pasi papo hapo, bila kuuliza ni nani wala ni nini. Maswali baadaye. Sheria hiyo ilitungwa siku shati la mwalimu mkuu wa jirani lilipoungua mgongoni, kwa sababu watu watatu wazima walisimama wakiulizana, "Ni wewe?" "Mimi? Labda wewe."

Watu watatu wenyewe ndio hawa. Meza ya dirishani ilikuwa ya Mama Mkunjo, aliyepewa jina hilo na wateja kwa sababu mkunjo wa suruali aliounyoosha yeye ulidumu mpaka suruali ifuliwe, na wapo walioapa kwamba hata ikifuliwa hauondoki. Meza ya kati ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe. Mume mwenyewe alisema anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo bado anayatafuta. Dada mtu akabaki. "Mimi sikukuoa," alimwambia Mama Mkunjo, "basi nitakuachaje?" Meza ya mlangoni ilikuwa ya mzee mmoja aliyeitwa Redio, na sababu ya jina hilo alikupa mwenyewe kabla hujaketi.

Juu ya sikio la kulia la Mama Mkunjo kulikuwa na kovu lililopinda kama mpini wa kikombe. Nywele zilikataa kuota hapo, naye alilifunika kwa kitambaa. Miaka mingi nyuma, binti yake akiwa na miaka tisa, madaktari walipasua hapo wakatoa uvimbe ndani ya ubongo. Kabla ya hapo alilalamika kichwa mwaka mzima. Mumewe alisema ni mawazo. Majirani walisema ni mume. Hata Wifi, Mungu amsamehe, alisema kapumzike tu, hakuna kitu. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akija kitandani na kuuliza, "Leo kinauma upande gani, mama?" Kisha akafunika dirisha kwa khanga, akaenda kujifunza kupika akiwa amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Uvimbe ulipopatikana, watu wazima waliinamisha vichwa. Mama Mkunjo akapona. Akapona hata akasahau kwamba aliugua, akarudi mezani kwake, na miaka ikapita kama inavyopita kwa watu wenye kazi nyingi.

Harufu ilianza mwaka ambao binti alimaliza masomo yake ya maabara.

Mara ya kwanza alikuwa akinyoosha shuka. Tumbo lilipanda ghafla, kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta imepungua kidato kimoja. Kisha ikaja harufu, kali, ya kitu kinachoungua. Akapiga kelele, "Inua!" Pasi tatu zikapaa. Wakatafuta kola, wakatafuta mikono ya mashati, wakainama mpaka chini ya meza. Hapakuwa na kitu.

"Labda jirani kinyozi kamchoma mtu sikio," Redio alisema, na wote wakacheka, Mama Mkunjo akiwa wa kwanza.

Asichowaambia ni kwamba, harufu ilipokuwa imemshika, mtu alikuwa amesimama nyuma ya bega lake la kushoto. Aligeuka, akaona hanga za nguo na ukuta. Lakini alikuwepo. Hakuwa marehemu mama yake. Mama yake angemtambua kwa kikohozi. Huyu hakuwa na sura wala umri, wala hakutaka neno. Alisimama tu, kama mteja anayengoja zamu yake, na wakati huo kila kitu dukani kilionekana kama kilikwisha kutokea siku nyingine, mpaka vumbi juani. Kisha kikapita. Mama Mkunjo akabaki amechoka kama aliyetoka kubeba maji.

Ikaja tena. Ikaja siku ya mvua na siku ya jua. Kila mara alipiga kelele, na kila mara pasi ziliinuliwa bure. Mwishowe Redio akaanza kuinua yake polepole, huku akiuliza, "Hii ni inua ya kweli, au ni ya Mama?" Hakuwa na nia mbaya. Redio hana nia mbaya, ana mdomo tu. Lakini neno lile lilimchoma Mama Mkunjo kuliko chuma. Jioni hiyo alijifungia stoo, kati ya magunia ya nguo chafu, akalia.

Binti yake alimkuta huko, alipompitia ili waende nyumbani pamoja.

"Mama, macho yana nini?"

"Sabuni."

"Sabuni? Huku hakuna hata ndoo."

Mama Mkunjo alijipangusa akatoka, binti nyuma yake.

Sasa msomaji atasema, si angesema tu? Angekwenda hospitali, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini wiki hiyohiyo binti alikuwa amepata kazi ya kupima maji ya bomba katika mji wa mbali, kazi aliyoisomea na kuililia. Mama alimjua mwanawe. Angesikia neno moja tu la kichwa, angefungua sanduku na kutoa nguo zote, akakaa. "Utoto wake nimeula mimi," Mama Mkunjo alijiambia. "Ujana wake siuli." Akaapa kunyamaza mpaka gari la binti liondoke.

Kunyamaza peke yake hakutoshi, maana mpiga pasi asiyejua harufu ipi ni ya kweli ni hatari. Akatafuta njia. Wifi alikuwa na pua isiyojua kuficha. Akisikia chochote, hata kitunguu cha nyumba ya tatu, mianzi yake ilicheza kama ya sungura. Basi Mama Mkunjo akaanza kumtazama. Harufu ikija, hakupiga kelele. Aliinua pasi yake kimya na kuitazama pua ya Wifi. Ikitulia, alijua ni ile nyingine. Alishika ukingo wa meza, akamwacha yule wa nyuma asimame mpaka achoke. Nyumbani alifanya vivyo hivyo kwa pua ya binti. Aliishi kwa pua za watu.

Kisha, polepole, mambo yakageuka kuwa mazuri. Harufu ilikuja, na kabla hajamtazama Wifi, Wifi mwenyewe aliinua pasi. "Inua! Ni kola hii, nimeiwahi." Na Redio naye, "Hata mimi nimeisikia." Siku ya pili hivyo hivyo, na wiki iliyofuata. Kumbe harufu ilikuwa ya kweli! Kumbe pasi zimezeeka, au umeme unapanda na kushuka! Nyumbani nako binti alikunja uso akasema, "Mama, sufuria inashika," akakimbia jikoni.

Yule wa nyuma alikuwa bado anakuja. Jambo hilo lingemtia shaka mtu mwingine. Lakini aliyefurahi hapekui. Mama Mkunjo alirudi kuimba kazini, tena kwa sauti mbaya, na akamwambia binti yake, "Wewe nenda. Mimi nina afya ya punda." Binti alitabasamu, akaendelea kupanga sanduku: leo blauzi, kesho soksi.

Asubuhi moja umeme ulikatika kabla hawajafungua duka. Pasi zilisimama mezani zimepoa. Wakaamua kukunja shuka za nyumba ya wageni, Redio akiwasimulia jambo refu lisilo na mwisho, na mteja mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, akiwa amesimama kwenye kaunta akingoja sketi yake itafutwe.

Tumbo la Mama Mkunjo likapanda. Harufu ikamjaa puani. Akasimama na ncha za shuka mkononi.

Wifi alikuwa ameshika ncha nyingine. Aliziachia. Mkono wake ukaenda kwenye pasi kwa mazoea, akainyanyua juu. "Inua! Ni kola hii, wifi, nimeiwahi."

"Hata mimi nimeisikia," Redio akasema, pasi yake ikiwa hewani.

Mama wa mtoto aliwatazama wote kwa zamu. "Kwani umeme umerudi?" akauliza.

Redio, ambaye hata kwenye misiba hunyamazishwa, alinyamaza. Wifi alikuwa bado ameinua pasi, hajui aiweke wapi. Mama Mkunjo alingoja harufu ipite. Ilipopita alikwenda akaweka kiganja chake chote kwenye chuma cha pasi ile. Kilikuwa baridi kama sahani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wifi, keti kwanza."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu ile siku uliyolia stoo."

"Nani aliwaambia mfanye hivi?"

Wifi alitazama chini. "Mwanao."

"Na mnajuaje kama imenijia? Mimi sisemi kitu."

Hapo Wifi akaanza kulia. "Macho yako yanakwenda mbali, wifi. Na mdomo wako... mdomo wako unatafuna. Unatafuna taratibu, na mdomoni hamna kitu."

Mama Mkunjo aligusa midomo yake. Hakulijua hilo. Miezi yote hiyo alidhani yanayompata yako ndani yake tu, hayaonekani, kumbe alikuwa akitafuna hewa mbele ya wateja. Akarudi nyuma kwa mawazo, siku baada ya siku, kola baada ya kola. Kila mahali alipodhani amepona, hapakuwa na kupona. Sufuria haikushika. Pasi hazikuzeeka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilijengwa na watu watatu wanaompenda, ikamfikisha mbali sana, na sasa hakujua arudi kwa wapi.

Alimngoja binti nyumbani. Binti alipoingia na kumwona ameketi na kitambaa mkononi, kovu wazi, alijua. Aliweka mkoba chini.

"Shangazi kasema."

"Umeme ndio uliosema."

Binti alikaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake. "Zamani walikuambia hakuna kitu," alisema. "Wote. Ulikuwa unaumwa na wakakuambia hakuna kitu. Nilikuona unavyoanza kuwaamini. Basi ulipolia stoo, na shangazi akanieleza kisa, nikasema hakuna atakayekuambia tena hakuna kitu. Hata iweje."

"Lakini safari hii kweli hakuna kitu, mwanangu. Hakuna kinachoungua."

"Najua."

"Sina pua nyingine, nina zenu tu. Mkinidanganya ninyi, nyumba ikiwaka kweli nitajuaje?"

Binti alilaza kichwa kwenye goti la mama yake, na mama akamshika nywele.

"Na kazi?" mama akauliza.

"Nilitaka kuwaambia kazini siendi. Nilikuwa nangoja uniulize kwa nini sanduku halijai."

"Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nakudanganya na mimi," Mama Mkunjo akasema, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya kilichofanana na kilio.

Wakapatana. Kwanza hospitali. Pili, tangu siku hiyo hakuna kuinua pasi ya uongo: ikimjia, aambiwe ukweli. Na binti akaongeza la kwake. "Nitaomba kazini waningoje, niondoke ikiwa imetulia. Lakini ikija tena, hata kama ni siku yenyewe ya safari, mguu wangu hautoki."

Hospitalini walimwingiza tena kwenye ile mashine ya picha za kichwa inayogonga kama mafundi wa bati. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Mkunjo alimng'ang'ania binti mkono tangu kwenye korido. Daktari alikuwa kijana, msemaji wa taratibu. Uvimbe haujarudi, alisema. Hili ni kovu. Kovu la ndani lina matata yake, laweza kukaa kimya miaka na miaka kisha likaanza. Hiki ni kifafa, ila si kile cha kuanguka. Hiki huja na harufu. Atapewa vidonge. Vitapunguza. Huenda visimalize.

"Na yule mtu?" Mama Mkunjo akauliza, kwa sauti ya chini ili binti asisikie. "Anayesimama nyuma yangu?"

"Naye ni kovu, mama."

Mama Mkunjo angependa aambiwe ni jini. Jini huombewa akaondoka. Lakini kovu ni lako, nyama yako mwenyewe, na utazikwa nalo.

Daktari akasema pia asiguse pasi mpaka hali itulie kabisa. Hilo lilimuuma kuliko yote. Walimhamishia kaunta, kupokea nguo na kukunja. Suruali akazinyoosha Wifi, na wateja wakaanza kuuliza mkunjo umekwenda wapi. Vidonge vilimfanya mzito. Maneno mengine aliyatafuta mpaka mteja akamsaidia. Lakini harufu zilipungua. Ikija, Wifi alimwambia, "Hakuna kinachoungua, wifi," na Redio akarudia kama taarifa ya habari, "Hakuna kinachoungua." Ajabu ni kwamba neno lile lile lililomtesa zamani sasa lilimshika mkono. Alivuta pumzi, akangoja, ikapita. Kisha zikapita siku nyingi bila kitu, na sanduku likajaa.

Gari la kazini kwa binti lilikuja kumchukua mbele ya duka, asubuhi. Redio alibeba sanduku huku akieleza namna bora ya kubeba masanduku. Dereva alifunga mlango wa nyuma. Wifi alimkumbatia binti na kumnong'oneza mashauri kuhusu wanaume ambayo yeye mwenyewe hakuyafuata. Kisha zamu ya mama.

Binti alimkabili akamshika mabega. "Haya, mama."

Tumbo likapanda.

Mama Mkunjo hakupata muda wa kufikiri. Harufu ilikuwa inakuja, ilikuwa imefika, na barabara yote, gari, dereva na mwanawe vilikuwa vimekwisha kutokea siku nyingine. Alimvuta binti kwa nguvu akamkumbatia, akauzika uso wake begani kwake, mdomo ndani ya kitambaa cha blauzi. Midomo ilianza kutafuna. Aliisikia sasa, kwa kuwa aliijua. Akaibana kwenye bega lile.

"Mama?" Binti alitaka kujitoa amtazame. Mama hakumwachia. "Mama, imekuja?"

Alijua neno moja tu lilitakiwa. Alilitafuta ndani ya harufu ile, mbali, akalivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Haijaja," alisema.

"Niambie kweli."

"Haijaja, mwanangu. Panda gari."

Alimgeuza kwa mabega akimsukuma, yeye amebaki nyuma yake, na binti akapanda, kwa sababu sauti ilikuwa imetulia na kwa sababu alitaka kuamini. Mama aliinama kama anayeokota kitu chini. Gari likaondoka. Alipoinuka, mkono wa binti ulikuwa ukipunga dirishani, mdogo, kisha gari likakata kona kwa muuza rangi.

Wifi alikuja akasimama pembeni yake. Alimtazama mdomo. Yeye naye alikuwa amekula kiapo cha kusema kweli.

"Hakuna kinachoungua, wifi," alisema polepole.

"Najua."

"Umemdanganya mtoto."

"Nimemdanganya."

Wifi alimshika mkono. Ndani, Redio alikuwa akiuliza kwa sauti nani kaweka wapi kinyunyizio. Wakaingia dukani, Wifi mbele akimwongoza, Mama Mkunjo akifuata, na yule mwingine nyuma yake, kwenye bega la kushoto.